Herufi Nne za Mashariki: Kumbukumbu za Safari ya Kioo

Jumapili. Jersey City na Manhattan

Jirani wa dada yangu ni mzee wa Kiyahudi mwenye umri wa miaka 81, mgane, anayekaa mlango wa pili, na ambaye kwa miaka sita amekuwa akiwapokea wapwa zangu wanaporudi skuli kabla mama yao hajatoka kazini. Nilipompa dada habari kwamba nakuja kumtembelea kwa majuma mawili, alinijibu kuwa mzee amesikia mimi ni fundi wa madirisha ya Mji Mkongwe, Unguja, na ana ombi: anataka atengenezewe mizrahi ya kioo cha rangi.

Mizrahi ni pambo linalotundikwa upande wa mashariki wa nyumba, kwa wale wanaoishi magharibi ya Yerusalemu, ili mwenye kusimama kusali ajue auelekeze wapi uso wake. Mtu aliyekulia kwenye nyumba yenye kibla hahitaji maelezo zaidi ya hayo. Neno lenyewe kwa Kiebrania maana yake ni mashariki, mahali jua linapochomoza, na mashariki yetu nayo imetokana na neno la Kiarabu la kuchomoza kwa jua. Nilikubali kabla dada hajamaliza kueleza, kisha nikaogopa, kwa sababu kazi yangu ya miaka yote imekuwa kupachika vipande vya kioo cha rangi, vya mraba au vya nusu duara, ndani ya fremu za mbao; kuunganisha kioo kwa kanda za madini ya risasi sijawahi. Kwa hiyo mzee amenitafutia nafasi katika karakana ya bibi mmoja huko Brooklyn, ambaye hufundisha watu wachache kwa juma zima, na darasa linaanza kesho.

Leo nimevuka mto Hudson kwenda kuitazama Sinagogi ya Eldridge Street, upande wa chini wa Manhattan, ambayo siku hizi ni makumbusho, ingawa ibada bado inafanyika humo. Ilifunguliwa mwaka 1887 na wahamiaji kutoka Ulaya ya Mashariki. Mwaka huo huo ndipo mfanyabiashara Tharia Topan alipoanza kujenga zahanati pale ufukweni Unguja, ile nyumba ya roshani zilizochongwa na vioo vya rangi ambayo ndiyo iliyonifanya niupende ufundi huu nikiwa mtoto, na nilipousoma mwaka huo mlangoni nilijihisi mwenyeji kidogo. Dirisha la duara la mbele lina miduara 12, kwa idadi ya makabila ya wana wa Nabii Yakubu. Hata hivyo lililonifanya nikae kwenye benchi kwa saa nzima ni dirisha la ndani, la ukuta wa mashariki. Lile la asili lilipotea, na mwaka 1944 waumini, wakiwa hawana fedha, waliliziba pengo kwa matofali ya kioo. Jengo lilikarabatiwa kwa miaka 20 hadi 2007, na mwaka 2010 likawekwa dirisha jipya lililobuniwa na msanii Kiki Smith na msanifu majengo Deborah Gans. Ni duara la buluu lenye upana wa karibu mita 5, na vipande vyake vya kioo vinazidi 1,200. Nyota za dhahabu zenye ncha tano zimetapakaa pote, zikifuata nyota zilizochorwa zamani kwenye kuta za ukumbi, na katikati kabisa ipo moja yenye ncha sita. Vipande havikushikwa kwa risasi bali kwa gundi ya silikoni, na kwa hiyo hakuna mistari myeusi inayokata anga. Nikiwa fundi nasema wazi kwamba wameamua vyema, kwa sababu anga halina mshono.

Jumatatu. Mchoro

Nilifika na mchoro wangu tayari: nyota ya ncha sita, kubwa, katikati. Ndiyo alama ninayoijua, na si mimi peke yangu, kwani pwani yetu watu wameichora juu ya hirizi na pete kwa jina la muhuri wa Nabii Suleimani. Mwalimu aliutazama kwa muda, akauliza swali moja tu: mzee mwenyewe alitaka nini? Nikakumbuka kwamba mzee hakuitaja nyota. Alitaja menora na makomamanga.

Mwalimu alieleza kuwa nyota hiyo ilichelewa kuwa nembo ya Mayahudi wote, na kwamba kwa karne nyingi walijitambulisha kwa menora, kile kinara cha taa saba kinachoelezwa katika kitabu cha Kutoka, chenye matawi sita na shina moja na vikombe vilivyofanana na maua ya mlozi. Kwenye Tao la Tito mjini Roma, lililojengwa kiasi cha mwaka 81 BK, baada ya Hekalu la Yerusalemu kubomolewa, askari wanaonekana wamekibeba mabegani, na matawi yake yamepinda. Lakini Maimonides, tabibu na mwanachuoni aliyefariki Misri mwaka 1204, alikichora chenye matawi yaliyonyooka kama mishale, na mwanawe akathibitisha kwamba baba yake alikusudia hivyo. Mimi nikachagua matawi yaliyonyooka. Sababu yangu ya kwanza ilikuwa ya ufundi, kwa kuwa kipande chembamba kilichopinda hukatika kabla hakijafika mezani. Ya pili ni kwamba Maimonides aliandika vitabu vyake vingi kwa lugha ya Kiarabu na kwa herufi za Kiebrania, na mtu wa namna hiyo naona yuko karibu nasi.

Niliuliza pia kama inafaa kuweka ndege au uso wa mtu. Akanipa kisa cha mji wa Cologne wa karne ya 12, ambako picha za simba na nyoka ziliwekwa kwenye madirisha ya vioo ya sinagogi, na Rabi Eliakim ben Joseph wa Mainz akaamuru ziondolewe, asije mtu akaonekana anazisujudia. Wengine baadaye walilegeza kuhusu wanyama. Mchoraji Marc Chagall, alipotengeneza madirisha 12 ya sinagogi ya hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, yaliyozinduliwa mwaka 1962, alijaza samaki, ndege, farasi na maua, lakini hakuweka umbo la binadamu hata moja. Baraka za Yakubu kwa wanawe zimesemwa zote kwa rangi na wanyama. Mwalimu ana kitabu kikubwa cha picha za madirisha hayo, na tulikifungua kwenye dirisha la Naftali, lote manjano. Alinieleza pia kwamba fundi Charles Marq, aliyemfanyia Chagall kazi ya kioo mjini Reims, alibuni njia ya kuweka rangi hadi tatu ndani ya kipande kimoja bila ukanda wa risasi kuzitenganisha.

Jioni nimemaliza mchoro wa ukubwa kamili, sentimita 45 kwa 60: menora juu, komamanga moja kila upande, na chini, katika kipande kimoja cheupe kama maziwa, herufi nne za neno mizrahi.

Jumanne. Kukata

Kioo hakikatwi bali hukwaruzwa mstari mmoja kwa kigurudumu kidogo kilichotiwa mafuta, kisha huvunjwa kando ya mstari huo kwa mikono au koleo, na sauti nzuri ya kigurudumu ni kama ya hariri inayochanwa taratibu. Hayo nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni mkasi wa makali matatu unaokatia karatasi za vipimo: kila ukikata, unaondoa kijiutepe cha karatasi chenye upana wa milimita moja na nusu hivi, ambao ndio nafasi ya moyo wa ukanda wa risasi. Bila nafasi hiyo dirisha hukua kwa kila kipande, na mwisho halienei kwenye fremu.

Kutwa nzima nimeshughulika na makomamanga. Kioo chekundu cha shaba kina jambo la ajabu: kingekuwa chekundu unene wote, kingeonekana cheusi, kwa hiyo tangu zamani mafundi hukipuliza kikiwa cheupe na kukivika ngozi nyembamba tu ya wekundu. Ukikitazama kwa ubavuni unaiona ngozi hiyo, nyembamba kuliko ganda la yai. Mwalimu alinipa kijichombo cha kusagia chenye ncha ya almasi, nikawa nautoboa wekundu nukta kwa nukta mpaka mwanga mweupe ukachomoza, kila nukta punje moja. Mayahudi wana kauli ya kale kwamba komamanga lina punje 613, sawa na idadi ya amri za Torati. Mimi nimeweka 40 kila upande, na vidole vimekufa ganzi.

Tunanawa mikono kila tunapotoka mezani, na hakuna kula wala kunywa karakana, kwa kuwa risasi ni sumu isiyoonekana.

Jumatano. Kuandika

Rangi nyeusi ya kuandikia kioo ni unga wa kioo uliosagwa pamoja na oksidi ya chuma, ukachanganywa na maji na gundi ya mgunga. Huchorwa kwa brashi ndefu, hukauka, kisha huingizwa tanurini hadi nyuzi 650 za sentigredi au karibu na hapo, na hapo unga huyeyuka ukashikana na kioo moja kwa moja. Kabla ya tanuri unaweza kuufuta kwa kidole, baada ya tanuri haufutiki.

Herufi ni nne, kutoka kulia kwenda kushoto: memu, zayini, reshi, heti. Wenzangu darasani walihangaika kuandika wakianzia kulia, ilhali mkono wangu uliokwenda chuoni kusoma Kurani kabla ya kwenda skuli ulikubali mara moja. Mwalimu alinionya kuhusu ile ya mwisho. Heti ina miguu miwili iliyoshikamana na paa lake. Ukiuachanisha mguu wa kushoto na paa, hata kwa upana wa unywele, inakuwa herufi nyingine, he. Hilo nililielewa pia, maana sisi tumelelewa kwenye herufi ambazo nukta moja hugeuza ha kuwa kha au jimu.

Nilifanya mazoezi mara 30 juu ya karatasi. Niliandika, nikasafisha kingo kwa kijiti cha mianzi, na saa kumi na moja jioni tukafunga tanuri.

Alhamisi. Mwanya

Tanuri lilipofunguliwa asubuhi nilikiona kipande changu cheupe kikiwa shwari, weusi wa herufi umekolea. Nilikiinua dirishani, na mwanga ukapita mahali usipopaswa kupita. Kwenye heti, pale mguu wa kushoto unapokutana na paa, kulikuwa na mwanya. Bila shaka nilipokuwa nasafisha kingo, kijiti kilipita kikang'oa punje ya unga nisiione. Mzee angetundikiwa neno lisilo lake, kwa sababu kwa herufi he neno hilo husomeka mizre, nalo ni uma wa kupepetea nafaka.

Niliketi kimya. Mwalimu alisema kuwa waandishi wa Torati hukagua kila herufi, na herufi moja ikipasuka au ikigusana na mwenziwe, gombo zima haliwezi kusomewa umma mpaka litengenezwe. Kisha akanipa brashi yake mwenyewe, nyembamba mno, iliyochakaa kwenye mpini. Kipande hakikuharibika, kwa kuwa kioo kilichochomwa hupokea rangi ya pili na kuchomwa tena. Nilitia tone moja, nalo lilikuwa dogo kuliko punje ya ufuta, na tanuri likawashwa upya kwa ajili ya tone hilo moja, kwa joto lile lile na muda ule ule. Niliona haya kuutumia moto wote ule, lakini yeye hakuona kama ni kitu cha kujadili.

Ijumaa. Risasi na saa

Nimefika saa mbili asubuhi. Heti imefungika. Niliijaribu kwa kuiweka mbele ya balbu na haikupitisha hata uzi wa mwanga.

Kupanga dirisha la risasi huanzia pembeni. Kanda za risasi zenye umbo la herufi H huvutwa kwanza kwa koleo ili zinyooke na kukakamaa, kisha kipande cha kioo huingizwa mtaroni mwake, ukanda mwingine ukakifungia, na misumari ya kwato za farasi, ambayo ina ubavu bapa usiokwaruza, ikazuia kila kitu kisisogee. Ukifika mwisho, kila makutano hulehemiwa. Hapa pana ugumu ambao mbao hazikunifundisha: lehemu ya bati na risasi huyeyuka kwenye nyuzi 190 hivi, na risasi tupu huyeyuka kwenye nyuzi 327. Chuma kikizidi joto, au ukikiacha sekunde mbili zaidi, ukanda wenyewe hutoweka mbele ya macho yako. Nilichoma pembe moja, nikairekebisha.

Adhuhuri niliaga kwenda kusali Ijumaa, na nikarudi. Saa tisa alasiri, nikiwa nimemaliza kulehemu upande wa mbele tu, mwalimu alichomoa waya za umeme wote. Sabato huingia na machweo, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla yake, na miongoni mwa kazi 39 zilizokatazwa siku hiyo zimo kuwasha moto, kuandika na kujenga, ambazo ndizo kazi tulizokuwa tukizifanya juma zima. Anahitaji muda wa kufika nyumbani. Dirisha limelala mezani limeshikwa upande mmoja, na mimi niliyezoea kumaliza nililoanza nimeliacha hivyo. Kwa siku moja risasi ilisubiri mara mbili, kwanza kwa ajili yangu, kisha kwa ajili yake.

Jumamosi. Karafuu

Kwa mzee siku haikuanza leo asubuhi, ilianza jana jua lilipotua. Mababu zetu wa pwani walihesabu vivyo hivyo, na bibi yangu akisema usiku wa Ijumaa alikuwa na maana ya usiku ambao leo wengi wanauita wa Alhamisi. Hata majina ya siku yanafanana kwa mpango: wao wanaanza kuhesabu moja, mbili, tatu baada ya Sabato, nasi tunaanza mosi, pili, tatu baada ya Ijumaa.

Jioni mzee alitualika kwa ajili ya havdala, ibada fupi ya kuiaga Sabato. Tulisubiri barazani, wapwa zangu wakitafuta angani nyota tatu, kwa kuwa Sabato haitoki mpaka zionekane, na kwa taa za jiji ilichukua muda. Ndani aliwasha mshumaa uliosokotwa wenye tambi kadhaa, akabariki kinywaji, kisha akafungua kikasha cha fedha chenye umbo la mnara na kukipitisha tunuse manukato, kwa kuwa roho inayoagana na siku kama hiyo huhitaji kuliwazwa. Nilikisogeza puani. Ilikuwa karafuu. Nilimwambia mzee kwamba nimekua nikiikanyaga mikeka ya ukindu iliyojaa karafuu zinazoanikwa juani, na kwamba hakuna harufu nyingine duniani inayonirudisha nyumbani kwa haraka kama hiyo. Akamimina tatu kiganjani mwangu.

Baadaye alikunja vidole mbele ya mshumaa na kutazama mwanga ukigonga kucha zake, huku viganja vikibaki kwenye kivuli. Ndiyo desturi: baraka ya moto haitamkwi bure, lazima mwanga huo utumike kutenganishia kitu na kitu. Nikiwa mtu wa kioo sijaona somo la mwanga lililo fupi na kamili kama lile.

Jumapili. Upande wa pili

Nimelehemu upande wa nyuma, kisha nikatia saruji ya chaki na mafuta ya kitani, nikiisukuma kwa brashi ngumu chini ya kila ukanda ili kioo kisicheze na mvua isipite. Unga mkavu wa chaki hunyunyizwa juu, ukasuguliwa, na risasi inang'aa nyeusi. Dirisha lilikuwa legelege asubuhi, na mchana likawa kitu kimoja.

Jumatatu na Jumanne hakuna la kuandika, saruji inakauka.

Jumatano. Kutundika

Tulilisafirisha kwa treni, dada na mimi, limefungwa ndani ya blanketi. Nyumba ya mzee ina dirisha moja la mashariki, linaloelekea barabarani. Nilipiga kulabu mbili, nikalitundika mbele ya kioo cha kawaida. Ilikuwa usiku, na mzee alisikitika kwamba ndani lilionekana jeusi. Nikamwomba awashe taa zote, tukashuka wote barabarani, yeye akiwa amenishika mkono ngazini.

Kutoka chini, menora ilikuwa inawaka. Mzee alisimama katikati ya njia ya miguu na kunisimulia jambo ambalo alisomeshwa utotoni, kwamba madirisha ya Hekalu la Suleimani, ambayo kitabu cha Wafalme kinayataja, yalifanywa membamba kwa ndani na mapana kwa nje, kinyume cha madirisha ya watu, kwa kuwa Hekalu halikuhitaji nuru ya kutoka nje, lilikuwa likitoa yake. Kijana mmoja aliyekuwa akipita na mbwa alisimama, akatazama juu, akauliza limeandikwa nini. Mzee akamjibu kwamba ni mashariki.

Alhamisi

Ndege yangu ni jioni. Saa moja na nusu asubuhi nilibisha hodi kumuaga mzee, nikamkuta amesimama mbele ya dirisha na shuka lake la sala mabegani, basi nikangoja mlangoni. Jua lilikuwa limetokeza kati ya majengo mawili ya ng'ambo. Wekundu wa makomamanga ulitua sakafuni, na punje zake zikatapakaa hadi kwenye mguu wa meza. Kivuli cha herufi kilikuwa juu zaidi, kwenye shuka jeupe, chini kidogo ya bega lake. Niliisoma heti. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umeshikamana na paa.